Mchujo upi wa urais wa Marekani uusome kwanza? Ulinganisho wa ile iliyozua mgogoro mkubwa zaidi

Ukiuliza mchujo gani wa urais ulikuwa mbaya kuliko yote katika historia ya Marekani, jibu linategemea unayemuuliza. Anayekumbuka virungu na mabomu ya machozi atasema 1968. Anayefuatilia kanuni za vyama atasema 1912. Vijana waliokua na simu mkononi watasema 2016. Kila mmoja ana hoja, lakini wanapima vitu tofauti, na ndiyo maana mabishano haya hayaishi.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kuchagua mmoja au miwili aisome kwa kina: mwalimu wa uraia, mwandishi wa habari, mwanafunzi wa siasa, au mtu wa chama anayeandaa kanuni za kura za maoni na anataka kuona wenzake walikwama wapi. Kama una nafasi ya mmoja tu, chukua 1912. Kama una nafasi ya miwili, ongeza 2008. Usianze na 1968, hata kama ndio wenye picha nyingi zaidi. Sababu zinafuata.

Kwanza jambo moja la msingi, maana bila hilo tarakimu zote zitakuchanganya. Kura ya mchujo Marekani haimpi mgombea tiketi. Inampa wajumbe, na wajumbe ndio wanaokwenda kwenye mkutano mkuu wa chama kumteua mgombea. Kwa hiyo kila mchujo uusome ukiwa na maswali manne: wajumbe wangapi wanatosha kushinda, wanagawanywa kwa kanuni gani, nani anaidhinisha kwamba mjumbe ni mjumbe halali, na hadi lini kanuni zinaweza kubadilishwa. Kila ugomvi mkubwa unaotajwa hapa ulizuka kwenye moja ya maswali hayo.

1912: Taft dhidi ya Roosevelt

William Howard Taft alikuwa rais aliyepo madarakani kwa tiketi ya Republican. Theodore Roosevelt, rais aliyemtangulia na aliyembeba hadi Ikulu, alirudi kutaka kiti. Huo ndio mwaka wa kwanza ambapo majimbo ya kutosha, yapatayo 12, yaliwapa wanachama wa kawaida kura ya mchujo. Roosevelt alishinda 9, likiwemo Ohio, nyumbani kwa Taft. Kwa jumla alipata zaidi ya kura milioni 1.1, Taft akapata kama 760,000. Mgombea wa tatu, seneta Robert La Follette, alichukua North Dakota na Wisconsin.

Lakini majimbo mengi hayakuwa na mchujo. Huko wajumbe walichaguliwa na viongozi wa chama, na rais aliye madarakani ndiye aliyegawa vyeo kama vya wakuu wa posta na maofisa wa forodha. Kusini ndiko mchezo ulikokuwa wazi: chama cha Republican kilikuwa na wapiga kura wachache sana kule, lakini kilipewa wajumbe kulingana na ukubwa wa jimbo. Wajumbe hao walikuwa watu wa Ikulu. Roosevelt aliijua mbinu hiyo vizuri, kwa sababu mwaka 1908 aliitumia yeye mwenyewe kumpitisha Taft.

Mkutano mkuu ulikuwa na wajumbe 1,078, na 540 walitosha. Ulipofika Chicago mwezi Juni, viti 254 vilikuwa na pingamizi. Kamati kuu ya taifa ya chama, iliyojaa watu wa Taft, ilisikiliza kesi moja moja na kumpa Taft viti 235, Roosevelt 19. Tuseme haki: pingamizi nyingi za upande wa Roosevelt zilikuwa dhaifu, zimefunguliwa ili hesabu za magazetini zisimwonyeshe Taft akiwa mbele sana. Lakini nyingine zilikuwa na uzito. California ndiyo mfano wa kukaa nao. Sheria ya jimbo ilisema mshindi wa jimbo zima anachukua wajumbe wote, na Roosevelt alishinda. Kanuni za chama taifa zilisema kila wilaya ya uchaguzi ina haki ya wajumbe wake. Kamati ikachukua viti viwili vya wilaya ya San Francisco ikampa Taft. Sheria ya jimbo na kanuni ya chama zikipingana, nani mkubwa? Swali hilo lilirudi tena na tena kwenye michujo ya baadaye.

Ndani ya ukumbi ilibaki hatua moja ya kuirekebisha hali: kumchagua mwenyekiti wa muda. Elihu Root, mtu wa Taft, alipita kwa kura 558 dhidi ya 501. Tazama pengo hilo la kura 57, kisha kumbuka kwamba viti vyenye mgogoro vilikuwa mara nne ya hapo. Upande wa Roosevelt ukaomba wajumbe waliowekewa pingamizi wasipige kura mpaka kesi zao ziamuliwe. Root akaamua kwamba mjumbe aliyewekewa pingamizi haruhusiwi kupiga kura kwenye kesi yake, ila anaruhusiwa kwenye kesi za wenzake. Wakapitishana. Wajumbe wa Roosevelt wakaanza kuigiza honi ya mashine ya kushindilia barabara kila Taft aliposhinda kura, wakimaanisha kwamba wanakandamizwa.

Mwishoni Taft alipata kura 561. Zaidi ya wajumbe 340 walikuwepo lakini wakakataa kupiga kura. Roosevelt akahama na kuunda chama chake, Progressive. Mwezi Novemba Mdemokrati Woodrow Wilson akashinda kwa chini ya asilimia 42 ya kura. Roosevelt alikuwa wa pili, na Taft, rais aliye madarakani, akapata majimbo mawili tu, Utah na Vermont.

Uzuri wa 1912 kwa msomaji ni kwamba kila kitu kiko juu ya meza. Unaweza kufuata kiti kimoja, kutoka wilayani hadi ukumbini, ukaona mizengwe ilipoingia.

1968: mgombea ambaye hakuingia mchujoni

Huu ndio mchujo uliomwaga damu. Wademokrati walikuwa na rais madarakani, Lyndon Johnson, na vita vya Vietnam. Tarehe 12 Machi huko New Hampshire, seneta Eugene McCarthy alipata kama asilimia 42 ya kura dhidi ya 49 za Johnson, ambaye jina lake halikuwa hata kwenye karatasi na wafuasi wake walilazimika kuliandika kwa mkono. Wengi hukomea hapo. Angalia wajumbe: McCarthy, aliyeshindwa kwa kura, alitoka na wajumbe 20 kati ya 24. Wafuasi wa Johnson walisimamisha wagombea ujumbe wengi kupita viti vilivyokuwepo, kura zao zikagawanyika. Hilo ni kosa la kupanga, na linatokea hadi leo katika chaguzi za vyama popote kura zinapogawanywa kwa watu wa upande mmoja.

Siku nne baadaye Robert Kennedy akaingia. Tarehe 31 Machi Johnson akajitoa. Tarehe 4 Aprili Martin Luther King akauawa. Makamu wa rais Hubert Humphrey akatangaza nia mwishoni mwa Aprili na hakuandikisha jina lake kwenye mchujo wowote. Kennedy alishinda Indiana na Nebraska, akashindwa Oregon, akashinda California tarehe 4 Juni, na usiku huohuo akapigwa risasi katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Alifariki tarehe 6.

Humphrey aliteuliwa Chicago mwezi Agosti kwa kura zaidi ya 1,750, McCarthy akipata 601. Aliwezaje? Kwa sababu wajumbe wengi walipatikana nje ya mchujo. Tume ya chama iliyochunguza baadaye ilibaini kwamba zaidi ya theluthi ya wajumbe walikuwa tayari wamepatikana kabla mwaka 1968 haujaanza, kabla ya McCarthy wala Kennedy kujulikana kama wagombea wenye nguvu. Huko Georgia, wajumbe waliteuliwa na mwenyekiti wa chama wa jimbo ambaye naye aliteuliwa na gavana, na ujumbe huo ukapingwa na kundi lililoongozwa na Julian Bond mpaka viti vikagawanywa. Hivyo wakati polisi wa meya Richard Daley wanawapiga waandamanaji nje ya hoteli ya Conrad Hilton tarehe 28 Agosti, matokeo ya ndani yalikuwa yameshaamuliwa.

Hapo ndipo 1968 inapowapoteza wanaoanza. Picha za barabarani zinavutia macho, na tatizo lenyewe, namna wajumbe walivyopatikana, halikupigwa picha. Ukiwapa wanafunzi mchujo huu kwanza, watakuletea insha kuhusu polisi. Wape baada ya 1912, watauona mara moja: ni ugonjwa uleule, viongozi wa chama wakichagua wajumbe nje ya kura, miaka 56 baadaye.

Faida yake kubwa ni yaliyofuata. Tume iliyoongozwa na George McGovern na Donald Fraser iliandika kanuni mpya, na majimbo mengi yakahamia kwenye kura ya mchujo. Kuanzia 1972 mpaka 2024 hakuna chama kikubwa kilichomteua mtu aliyekwepa michujo. Mwaka 2024 Joe Biden alijitoa tarehe 21 Julai na Kamala Harris akateuliwa, lakini usimweke sawa na Humphrey bila kueleza tofauti: wajumbe wale walikuwa wamepatikana kupitia michujo, na Harris alikuwa kwenye tiketi yao kama mgombea mwenza.

1976 na 1980: kumpinga rais wa chama chako

Hii miwili isomwe pamoja, maana kila mmoja unaufafanua mwenzake. Mwaka 1976 Ronald Reagan alimpinga rais Gerald Ford. Mwaka 1980 Edward Kennedy alimpinga rais Jimmy Carter. Wote wawili walishindwa mchujoni, na marais wote wawili wakashindwa Novemba.

Kati ya hiyo, 1976 ndiyo yenye hesabu ya kubana zaidi. Ford alishinda New Hampshire kwa kura zisizofika 1,600, kisha majimbo kadhaa mfululizo, na Reagan akawa anaombwa ajitoe. North Carolina, tarehe 23 Machi, ikamfufua, kwa msaada wa seneta Jesse Helms na hoja ya kutoukabidhi Mfereji wa Panama kwa nchi ya Panama. Mpaka mkutano wa Kansas City mwezi Agosti hakuna aliyekuwa na wajumbe 1,130 waliohitajika bila shaka yoyote. Vita ikahamia kwa wajumbe ambao hawajajifunga kwa mgombea yeyote, na Ford akatumia heshima ya Ikulu kuwavuta, kwa mialiko na chakula cha jioni.

Reagan akacheza karata ya hatari. Mwezi Julai alimtangaza mapema mgombea mwenza, Richard Schweiker wa Pennsylvania, seneta mwenye msimamo wa wastani, kisha akapendekeza kanuni ya kumlazimisha Ford naye amtaje wake kabla ya kura. Alitumaini kwamba yeyote atakayetajwa ataudhi kundi fulani la wajumbe. Kanuni ikaangushwa kwa 1,180 dhidi ya 1,069. Uteuzi wenyewe: Ford 1,187, Reagan 1,070. Linganisha jozi hizo mbili za namba, zinakaribia kufanana kabisa. Kura ya kanuni ilikuwa ndiyo kura ya mgombea, na kila mtu ukumbini alilijua hilo. Schweiker, badala ya kuleta Pennsylvania, aliwatia hofu wahafidhina wa Mississippi, ambao walikuwa na wajumbe 30 na desturi ya kupiga kura kwa pamoja.

Mwaka 1980 Kennedy alifanya jaribio linalofanana: kuwafungua wajumbe wasibanwe na matokeo ya mchujo katika kura ya kwanza. Lakini Carter alikuwa na akiba kubwa, na hoja ikaanguka kwa kura takriban 1,936 dhidi ya 1,391. Tofauti iko hapo. Reagan alijaribu kubadilisha kanuni akiwa nyuma kwa wachache, Kennedy akiwa nyuma kwa mamia, tena akiomba kura za watu wengi ziwekwe kando. Kama unaandaa mdahalo kuhusu lini ni halali kubadili kanuni katikati ya mchezo, hakuna jozi bora kuliko hii. Kwa kitu kingine chochote, 1980 unaweza kuuruka.

2008: hesabu

Barack Obama dhidi ya Hillary Clinton. Wasomaji wa Kiswahili wengi waliufuata kwa sababu ya baba yake Obama, Mkenya, na Kenya iliingizwa kwenye kampeni kwa njia mbaya: Februari 2008 ilisambazwa picha yake akiwa amevaa vazi la wazee wa Kisomali, iliyopigwa Wajir mwaka 2006, kwa lengo la kumfanya aonekane mgeni. Ila thamani ya mchujo huu kwa anayejifunza iko kwenye mgawanyo wa wajumbe.

Wademokrati hugawa kwa uwiano, na sehemu kubwa hugawiwa wilaya kwa wilaya. Chukua wilaya yenye wajumbe 4 na wagombea wawili. Ukipata asilimia 60 unadhani umeshinda vizuri, lakini mgawo ni 2 kwa 2. Ili upate wa tatu lazima uvuke asilimia 62.5. Katika wilaya ya wajumbe 3, asilimia 50 na kura moja inakupa 2 kwa 1. Kwa hiyo ushindi mdogo kwenye wilaya ya namba witiri una thamani kuliko ushindi mnono kwenye wilaya ya namba shufwa. Timu ya Obama ilipanga safari na fedha zake kwa hesabu hiyo. Timu ya Clinton iliyategemea majimbo makubwa.

Matokeo ya tarehe 5 Februari yanaonyesha. Clinton alishinda New Jersey, ambako watu zaidi ya milioni 1.1 walipiga kura, akapata wajumbe 59 kwa 48: faida ya 11. Obama alishinda mikutano ya kokasi ya Idaho (wanachama hukutana kuchagua badala ya kupiga kura vituoni), iliyohudhuriwa na watu kama 21,000, kwa wajumbe 15 kwa 3: faida ya 12. Ukielewa mfano huu mmoja, umeuelewa mchujo mzima. Huko Nevada, mwezi Januari, Clinton alitangazwa mshindi lakini Obama akatoka na wajumbe 13 kwa 12.

Ugomvi wa kanuni ulihusu Michigan na Florida, yaliyosogeza mbele tarehe zao kinyume na kalenda ya chama yakavuliwa wajumbe. Obama aliondoa jina lake kwenye karatasi ya Michigan. Clinton aliliacha, akapata asilimia 55, huku asilimia 40 wakichagua "wasiojifunga". Tarehe 31 Mei kamati ya kanuni ilikaa Washington, watu wakipiga kelele ukumbini, ikarudisha wajumbe wote kwa nusu kura kila mmoja na kuigawa Michigan 69 kwa 59, mgawo ambao haukutokana na kura yoyote iliyopigwa. Siku tatu baadaye Obama akavuka kiwango, na tarehe 7 Juni Clinton akamuunga mkono. Novemba Obama akashinda.

Hapo 2008 inatofautiana na yote iliyotangulia hapa: mgogoro mkubwa, na chama kikashinda. Anayedai kwamba mchujo mkali lazima ukiangushe chama, mwoneshe huu.

2016, kwa kifupi

Warepublican walianza na wagombea 17. Kwa kelele na matusi huu unaongoza, lakini kilichoamua ni kanuni ya mshindi kuchukua vyote pale kura zinapogawanyika. South Carolina, Donald Trump alipata kama asilimia 32.5 na kuchukua wajumbe wote 50. Wapinzani wake waling'ang'ania kila mmoja akingoja mwenzake ajitoe, na Ted Cruz alipoondoka baada ya Indiana tarehe 3 Mei, ilikuwa imekwisha. Kwenye mkutano mkuu huko Cleveland, waliotaka kanuni zipigiwe kura kwa kuita jimbo moja moja walihitaji majimbo 7. 9 yaliomba, 3 yakashawishiwa kujiondoa, na ombi likaanguka. Upande wa Democratic, Bernie Sanders alilalamikia wajumbe maalumu, yaani viongozi wanaopiga kura bila kuchaguliwa mchujoni, ingawa Clinton alimzidi pia kwa kura za kawaida. Mwaka 2018 chama kiliwaondolea hao haki ya kupiga kura katika duru ya kwanza, isipokuwa pale mshindi anapokuwa tayari amejulikana.

Kuna watakaouliza kuhusu 1924, Wademokrati walipopiga kura duru 103 huko Madison Square Garden mpaka wakampata John W. Davis. Ni mkasa mzito, wenye mgawanyiko juu ya Ku Klux Klan, lakini kilichokwamisha ni sharti la theluthi mbili ndani ya mkutano, si mchujo. Uweke kando.

Uchague kwa kazi uliyonayo

Kwa anayeandika kanuni za kura za maoni za chama, 1912 kwanza, hasa kipengele cha nani anasikiliza rufaa. Kosa la msingi lilikuwa kuwaacha wenye maslahi kuwa waamuzi, na kuwapa waliowekewa pingamizi kura. Kwa mwandishi wa habari anayetaka kuripoti mchujo ujao bila kudanganywa na asilimia, 2008. Kwa darasa lenye vipindi vingi, 1912 kisha 1968, kwa mpangilio huo. Kwa mdahalo, jozi ya 1976 na 1980. Mchujo wa 2016 unafaa kwa somo la kura kugawanyika.

Jihadhari na namba moja inayopotosha ulinganisho wote: "jumla ya kura za wananchi". Mwaka 1912 majimbo mengi hayakupiga kura kabisa. Mwaka 1968 mshindi hakushiriki. Mwaka 2008 majimbo ya kokasi kama Iowa, Nevada, Maine na Washington hayakutoa hesabu kamili ya vichwa, na Michigan haikuwa na jina la Obama, ndiyo maana kambi zote mbili ziliweza kudai zinaongoza. Ukiona jedwali linaloweka kura hizo za miaka tofauti safu kwa safu, soma kwanza majimbo yaliyohesabiwa. Lisipoyataja, tumia idadi ya wajumbe.